Chupa ya bia ina njia ya kurudi, taa ya mkimbizi haina



Wiki iliyopita nilikuwa Birere, nimeketi kwenye benchi la fundi mmoja wa simu, nikingoja anibadilishie kioo. Akafika mama mmoja, mtoto mgongoni, akafungua ncha ya kitenge na kutoa taa ndogo ya jua, zile zilizogawiwa kambini. Ilikuwa haiwaki. Mama huyo ni mtu wa Masisi. Alikaa katika kambi moja ya pembeni ya Goma, na kambi zilipovunjwa mwezi wa pili mwaka 2025 hakuweza kurudi kwao, akaenda kwa jamaa kule Ndosho. Ni watu tisa katika vyumba viwili, na choo kiko nje, ng'ambo ya uwanja. Taa hiyo ndiyo iliyokuwa inamsindikiza binti yake mkubwa chooni usiku.

Fundi akaigeuza, akaigeuza tena. Hakuna skrubu hata moja. Imefungwa kwa gundi pande zote, kama yai. Akasema: "Mama, hii hawakuitengeneza ili ifunguliwe. Nikiifungua, nitaivunja."

Mama akajibu: "Vunja tu, papa. Imekwisha kufa."

Leo nataka tuzungumze juu ya hiyo gundi.

Miezi kadhaa nyuma nilialikwa kwenye semina ya siku mbili, katika hoteli moja ya hapa mjini, tukafundishwa juu ya uchumi wa mzunguko. Maana yake si ngumu. Tulivyozoea, kitu kinachimbwa, kinatengenezwa, kinatumiwa, kinatupwa, na safari inaishia hapo. Katika uchumi wa mzunguko, anayetengeneza anafikiria tangu mwanzo kitu hicho kitadumu vipi, nani atakitengeneza kikiharibika, kitarudi kwa nani kikizeeka, na vipande vyake vitafanya kazi gani nyingine. Kukiyeyusha ni jambo la mwisho kabisa. Mwalimu alieleza vizuri na sina ubaya naye. Ila kila meza ilikuwa na chupa za maji za plastiki, na jioni zilijaza gunia zima. Nikamuuliza mfanyakazi wa hoteli zinakwenda wapi. Akanionyesha kwa kidevu upande wa mfereji.

Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba tulifundishwa jambo ambalo babu zetu na mafundi wetu wanalijua, na hatukufundishwa lile ambalo hatulijui.

Tazameni chukudu. Mji wa Goma umeijengea hata sanamu. Ni mbao za mkaratusi, magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa raba ya tairi kuukuu, na misumari. Gurudumu likipasuka, seremala wa Kibumba au wa Sake atachonga jingine. Raba ikiisha, tairi kuukuu za lori zipo. Mwenye chukudu hajawahi kuambiwa kwamba aina yake haitengenezwi tena, anunue nyingine. Na ikichoka kabisa, mbao zake zinaivisha maharagwe. Hiyo ndiyo semina yote, bila hoteli.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni chupa ya bia, ijapokuwa najua kuna wachungaji wananisikiliza. Ukienda kununua Primus, au fanta ya chupa ya kioo, muuzaji anakuuliza kwanza kama umeleta chupa tupu. Kama huna, unaacha pesa ya rehani, au unakunywa palepale huku anakutazama. Lori linaloleta kazie zilizojaa ndilo linalorudi na kazie tupu. Kiwandani chupa zinaoshwa, zinakaguliwa, zinajazwa tena, zinarudi kwetu. Bralima ipo katika nchi hii tangu mwaka 1923, na huu mpango wa chupa wengi wetu tuliukuta tulipozaliwa. Hakuna aliyeufundisha kwa mabango. Mtoto wa miaka sita akitumwa dukani anajua kwamba chupa tupu ni pesa.

Sasa jiulize, ni lini umeona chupa nzima ya Primus imelala katika mfereji? Hata mlevi anaikumbatia hadi nyumbani. Sidhani kama wanywaji wa bia wanapenda mazingira kuliko wanywaji wa maji. Chupa ya kioo ina bei hata ikiwa tupu, na ile ya plastiki haina. Basi.

Na kwa kuwa haina bei, inaanguka popote. Kule Bukavu mvua inazishusha kutoka mitaa ya mlimani hadi ziwani, na ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Ruzizi. Chini kidogo ya mlango huo ndipo lilipo bwawa la Ruzizi I, linalotoa umeme tangu miaka ya 1950. Chupa na sasheti zinajikusanya mbele ya mitambo, zinaziba njia ya maji, na mashine zinasimamishwa ili watu wazitoe. Kwa hiyo ndugu yangu wa Bukavu anayelaani shirika la umeme gizani, huenda chupa iliyomzimia taa aliinywa mwenyewe Jumapili iliyopita.

Mtaniambia kwamba kuna sheria. Ndiyo, ipo. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, sasheti na vifungashio vingine vya plastiki. Wenzetu wa Rwanda walikataza mifuko tangu mwaka 2008, na kila mama wa biashara ndogo ya mpakani anajua kinachompata akifika Petite Barrière na mfuko mweusi: wanauchukua, anabaki na nyanya mikononi. Akirudi upande wetu, nyanya zinafungwa katika mfuko uleule. Siendelei sana hapo. Sheria inayokataza bila kuleta kitu kingine badala yake humwangukia mama muuza ndizi kabla haijamfikia mwenye kiwanda, na sitaki kuwa yule anayeshangilia mama akinyang'anywa mifuko sokoni Virunga.

Ningeomba jambo dogo kuliko hilo. Yeyote anayetengeneza au kuingiza maji na juisi za chupa za plastiki aweke rehani juu ya kila chupa, tuseme franka 100, na airudishe kwa yeyote atakayeirudisha chupa, bila kuuliza aliinunua wapi. Kwa anayekunywa hotelini, franka 100 hazionekani. Kwa familia iliyokimbia vita, chupa 30 ni franka 3,000, na hizo zinaonekana sana. Wale watoto tunaowaita maibobo, ambao tunawafukuza kwenye majalala, wangekuwa wanachukua pesa iliyo wazi, si takataka. Ningependa zaidi wawe shuleni, lakini leo hawako shuleni.

Najua jibu la wenye viwanda. Watasema barabara ni mbovu, vita, gharama, udanganyifu. Lakini chupa ya kioo ni nzito kuliko ya plastiki, inavunjika, na imepita katika barabara hizohizo na vita hivyohivyo, ikapanda mashua za ziwani, ikarudi. Kinachokosekana ni nia ya kulipa kwa ajili ya kile unachokiuza.

Sasa narudi kwenye taa, maana ndiyo iliyoniuma.

Kwanza niseme wazi kwamba siwadharau waliozigawa. Mwanamke aliyewahi kutafuta choo usiku kule Bulengo au Kanyaruchinya anajua taa ile ilikuwa na thamani gani, na anajua watu gani walikuwa wanangoja gizani. Ndiyo maana nakasirika. Kitu chenye thamani hiyo kilipaswa kutengenezwa kwa heshima.

Ndani ya taa ya namna hiyo kuna vitu vichache: paneli ya jua, betri, taa zenyewe zile ndogondogo, na kibao cha nyaya. Paneli hudumu miaka mingi. Zile taa ndogo vilevile. Kinachochoka kwanza, karibu kila mara, ni betri. Basi taa nzima inatupwa kwa sababu ya kipande kisichozidi kidole gumba, ambacho fundi wa Birere angekibadilisha kwa dakika tano, kama kifuniko kingekuwa na skrubu nne, na kama betri ingekuwa ya aina inayopatikana sokoni. Wengine hutetea gundi kwamba inazuia maji. Saa ya mkononi ina skrubu, mtu anaogelea nayo.

Mimi na wewe tukinunua taa moja dukani hatuna sauti. Lakini shirika linalonunua taa elfu kumi lina sauti. Likimwambia mtengenezaji kwamba linataka skrubu, litapewa skrubu. Likitaka betri za akiba, mia mbili kwa kila taa elfu, zitawekwa katika sanduku hilohilo. Na hakuna haja ya kumleta fundi kwa ndege. Watu waliokimbia hawakukimbia mikono mitupu, maana mikono yenyewe walikuja nayo. Kati yao kuna mafundi wa redio, wa baiskeli, washonaji, maseremala, watu waliokuwa na vibanda vyao kule Kitshanga na Rutshuru, na leo wanabeba mchanga kwa siku. Mpe mmoja wao meza, bisibisi na chuma cha kulehemu, umlipe kwa kila taa inayowaka tena.

Ningekwenda hata mbele kidogo. Kwa nini shirika linunue taa? Linunue mwanga. Limlipe fundi kila mwezi kwa hesabu ya nyumba ambazo taa zinawaka, na taa zenyewe ziwe chini ya ulinzi wake. Hapo fundi mwenyewe atakataa taa ya gundi. Si jambo geni kwetu. Kwenye matanga hakuna anayenunua viti mia na sufuria kumi. Tunakodi, tunatumia siku tatu, tunarudisha, na mwenye viti anavipiga rangi ili vidumu kwa sababu uzima wa kiti ndio mkate wake. Anayekuuzia kiti anafurahi kikivunjika, anayekukodisha analia.

Juu ya shitingi sina mengi, maana hapo watu hawahitaji mwalimu. Kambi zilipovunjwa niliona shitingi zikiondoka vichwani mwa watu, na leo naziona zikiwa paa la jiko, koti la motari wakati wa mvua, sakafu, pazia la choo. Zinatumika mpaka jua linazichana kuwa nyuzi.

Ila moto wa kupikia ni jambo jingine. Mwaka 2023 Médecins Sans Frontières walisema wazi kile ambacho kila familia ya kambini ilikuwa inakijua: wanawake wengi waliotendewa ukatili karibu na kambi za Goma walikutwa na wabaya wao walipokwenda kutafuta kuni na chakula. Msituni kule Virunga kuni ni bure, na bei yake ndiyo hiyo. Sasa, chini ya kila gunia la makala linalouzwa mjini kuna vumbi, na kwenye kila depo vumbi hilo linafagiwa na kutupwa. Ukilichanganya na udongo wa mfinyanzi, au karatasi iliyolowekwa ikawa uji, ukaliminya na kulianika, unapata vidonge vya kupikia, briketi. Kuna akina mama wanaotumia unga wa muhogo kama gundi. Unashika vizuri, nakubali, lakini mahali watoto wanapolala njaa unga uende tumboni.

Sitawadanganya kwamba briketi zinamaliza tatizo. Zinachelewa kushika moto, zinaacha majivu mengi, na wakati wa mvua hazikauki kama huna paa. Lakini kama kapu moja la briketi linaokoa safari moja ya binti kwenda porini, kwangu mimi hesabu hiyo imekwisha.

Na tusidhani kila kinachorudi ni baraka. Mama anayewasha makala kwa sasheti au kipande cha kandambili anawapa watoto wake moshi wa sumu, na nyumba nyingi zinafanya hivyo asubuhi kwa sababu karatasi kavu hakuna. Halafu kuna sufuria zetu za aluminiamu, zile zinazoyeyushwa kutoka vipande vya injini na makopo. Nazipenda, mama yangu alipikia hizohizo. Lakini watafiti waliopima sufuria za aina hiyo nchini Kamerun walikuta madini ya risasi yanatoka kwenye sufuria na kuingia katika chakula, na risasi inaharibu akili ya mtoto polepole bila homa wala alama. Sisemi wafundi wafunge kazi. Nasema wachague wanachotia katika chungu cha kuyeyushia, na betri au kitu chochote kilichogusana na betri ya gari kisikaribie moto huo. Na mamlaka zinazokusanya kodi za sokoni zipeleke sufuria hizo zikapimwe.

Jambo jingine linanitia wasiwasi. Naogopa kwamba uchumi wa mzunguko utakuwa jina jipya la kutuletea vikuukuu. Kompyuta iliyokufa huko Ulaya ikifika hapa na kuitwa msaada, hiyo ni takataka iliyopanda meli. Yule mama wa taa anatoka Masisi, na Masisi ndiko iliko Rubaya, inakochimbwa koltani inayokwenda kwenye simu za dunia nzima. Koltani inatoka kwao, inazunguka, inarudi Birere ikiwa simu ya mkono wa tatu yenye kioo kilichopasuka, inalala kwenye meza ya fundi karibu na taa yake. Huo nao ni mzunguko. Lakini pesa inashuka njiani, mahali ambapo sisi hatupaoni, na kinachofika mwisho wa safari ni uchafu.

Kwa hiyo, kwa kamati zenu za wakimbizi, na kwa machifu wa mitaa wanaoitwa kwenye mikutano ya ugawaji: siku mtakapoletewa taa, redio, jiko au pampu, kabla ya kupiga makofi, ulizeni kinafunguliwaje. Ulizeni betri au piesi yake inauzwa duka gani la hapa. Ulizeni kikifa kitapelekwa kwa nani. Anayegawa akikosa jibu la swali la tatu, aandike hivyo kwenye ripoti yake mbele yenu. Hakuna atakayewanyang'anya msaada kwa kuuliza, na akijaribu, mtupigie redioni.

Mtataka kujua yaliyompata yule mama. Fundi alipasua taa kwa kisu alichokipasha moto, akatoa betri ya zamani, akafunga mahali pake betri ya simu iliyokuwa droo, akazungushia utepe mweusi. Ni kazi mbaya ya kutazama. Iliwaka. Mama alilipa franka 1,500, akabaki na deni la 1,000 ambalo fundi aliliandika nyuma ya pakiti ya sigara, akaondoka kabla jua halijazama.

Ile betri iliyokufa, fundi aliitia katika kopo kubwa la maziwa chini ya meza. Kopo lilikuwa limejaa, na nyuma yake kulikuwa na jingine. Nikamuuliza anazipeleka wapi. Akaniambia hazitupi, maana mwaka jana moja ilishika moto jalalani na karibu iunguze kibanda cha jirani. Anazihifadhi tu. Akaniuliza: "Wewe kaka wa redio unajua mahali zinapopokelewa?"

Nilimwambia nitauliza. Nimeuliza ofisi tatu tangu siku hiyo, na kila moja imenituma kwa nyingine. Kama kuna mtu anayezipokea hapa Goma kwa njia ya salama, atutafute, tutatangaza jina lake asubuhi na jioni.